Santo Stefano di Sessanio: Kijiji Kilichojengwa kwa Sufu

Santo Stefano di Sessanio ni kijiji cha mawe kilichokaa mgongoni mwa kilima, mita 1,251 juu ya usawa wa bahari, katika mkoa wa Abruzzo, katikati ya Italia. Mji mkubwa ulio karibu ni L'Aquila. Roma nayo haiko mbali, kiasi cha saa mbili kwa gari. Upande wa kaskazini imesimama Gran Sasso, ambako ndiko kuliko na kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Apennini, Corno Grande, chenye mita 2,912. Wakazi walioandikishwa kijijini ni mia moja na ushei, na baridi ikikaza hata hao hawabaki wote. Kiangazi kikifika, wageni hujaa. Hupita katika vichochoro, hupiga picha za matao na ngazi, na wengi huondoka wakiamini wameona mahali palipotulia tangu enzi, pasipopitiwa na mambo ya dunia.

Dhana hiyo ni potofu. Mambo ya dunia yalipita hapo kwa kishindo. Kijiji hiki kilikuwa sehemu ya biashara kubwa, kikamilikiwa na ukoo uliotawala Firenze, kikatajirika kwa kadiri yake, kisha kikaishiwa na kuhamwa. Anachokiona mgeni leo ni mali ya zamani iliyohifadhiwa na umaskini uliokuja baadaye.

Ardhi ya pale haina huruma. Mawe ya chokaa yamejitokeza kila mahali, udongo ni haba, na theluji huweza kulala miezi kadhaa. Nafaka huota, lakini kidogo na kwa jasho jingi. Juu ya kijiji, hata hivyo, umetandaa uwanda wa Campo Imperatore, wenye urefu wa kilomita zipatazo 27 na upana wa kilomita 8 hivi. Hauna miti, ni nyasi tupu mpaka miguuni pa majabali. Theluji ikishayeyuka nyasi hizo huchipua kwa nguvu, na huendelea kuwa mbichi wakati ambapo nchi za chini zimeungua kwa jua. Kazi iliyowafaa watu wa hapo ilijichagua yenyewe, nayo ni kufuga kondoo.

Shida ilikuwa majira ya baridi. Hakuna mfugaji aliyeweza kukata majani ya kutosha kulisha makundi makubwa zizini tangu Oktoba hadi Mei. Basi kondoo walihamishwa. Mwishoni mwa Septemba waliteremshwa kwa miguu hadi tambarare ya Puglia, kusini-mashariki, ambako baridi ni ya wastani, wakarudishwa milimani majira ya joto yakikaribia. Njia waliyopita iliitwa tratturo. Ile kubwa kuliko zote, kutoka L'Aquila hadi Foggia, ilikuwa na urefu wa kilomita 244 na upana wa mita 111. Upana huo si wa kupitia tu. Kondoo walikuwa wakila huku wakitembea, kwa hiyo njia yenyewe ilikuwa malisho, na sheria ilikataza mtu kuilima au kuimega.

Msafara ulikuwa na mpangilio wake. Kiongozi wa wafugaji aliwajua wanyama, watu na hesabu. Chini yake walikuwepo wachungaji, watengenezaji wa jibini, na waliosimamia nyumbu waliobeba nyavu za zizi, sufuria na unga. Mbwa walikuwa weupe, wakubwa, wa aina ambayo bado inafugwa Abruzzo hadi leo, na shingoni walivishwa ukosi wa chuma wenye miiba ili mbwa-mwitu asipate pa kung'ata. Safari ilichukua wiki mbili au zaidi. Tangu hapo hadi masika, kijiji kilibaki mikononi mwa wanawake, wazee na watoto. Wao ndio waliotunza mashamba madogo, wakasokota sufu, wakafuma, wakazika na kuzaa wakati waume wako umbali wa mamia ya kilomita. Historia zilizoandikwa huwataja wachungaji kwa mapenzi makubwa na wanawake hawa kwa nadra, ingawa maisha ya mlimani kwa zaidi ya nusu ya mwaka yalikuwa mikononi mwao.

Serikali haikukawia kuona fedha ndani ya mwendo huo wa kondoo. Mwaka 1442 Alfonso, mfalme wa Aragon, aliiteka Napoli. Miaka mitano baadaye, mwaka 1447, aliweka mfumo rasmi wa ushuru wa kondoo, na baadaye makao yake yakawa Foggia. Mfugaji alilazimika kuandikisha wanyama wake na kulipa kwa kichwa. Naye alipewa malisho ya Puglia, ulinzi njiani, na mahakama yake mwenyewe. Akigombana na mtu, hakuhukumiwa na kabaila wa eneo alilokuwa akipita, bali na maofisa wa ushuru. Haukuwa ukarimu, mfalme alikuwa analinda mapato yake. Hata hivyo kinga hiyo ilikuwa na uzito, kwa maana ilimpa mchungaji wa mlimani haki ambazo mkulima wa bondeni hakuziota. Katika miaka ya neema, kondoo walioshuka walihesabiwa kwa mamilioni, na ushuru wao ukawa miongoni mwa mapato makubwa ya Ufalme wa Napoli.

Hapo ndipo jina la Medici, ule ukoo uliotawala Firenze, linapoingia. Santo Stefano ilikuwa sehemu ya milki ndogo ya kikabaila iliyoitwa Baronia ya Carapelle, pamoja na vijiji jirani kama Calascio, Castelvecchio na Carapelle yenyewe. Katika karne ya 15 milki hiyo iliangukia mikononi mwa ukoo wa Piccolomini, jamaa za Papa Pius wa Pili. Mwaka 1579 Costanza Piccolomini aliiuza kwa Francesco de' Medici, mtawala wa Toscana. Ni ununuzi unaoshangaza kwanza. Watu waliokuwa na majumba ya kifahari ya Firenze walitafuta nini kwenye majabali ya nchi ya ufalme mwingine?

Walitafuta sufu. Kondoo wa Abruzzo walitoa, pamoja na sufu nyeupe, sufu nyeusi na ngumu iliyoitwa carfagna, ambayo ilifaa kwa nguo za askari na kanzu za watawa. Haikuwa kitambaa cha kuringia, lakini majeshi na nyumba za watawa hazikosekani Ulaya, nazo hununua kwa wingi. Sufu iliondoka milimani, ikafanyiwa kazi Toscana, ikauzwa mbali. Ukoo wa Medici uliishika milki hiyo kwa zaidi ya karne moja na nusu, hadi ulipokatika kizazi mwaka 1743. Kisha ikaingia kwa wafalme wa Bourbon wa Napoli. Ngao ya Medici, yenye alama ya mipira, bado imechongwa juu ya lango la kijiji.

Alama za fedha hizo zinasomeka ukutani. Kijijini, ambako mtu angetarajia vibanda vya wachungaji, kuna fremu za madirisha zilizochongwa kwa ustadi wa mjini, roshani zenye matao, na nyumba za ghorofa zilizopangika vizuri. Mkono wa mafundi waliojua mitindo ya Firenze unaonekana wazi. Lakini umbo la kijiji kizima ni la kale zaidi, na ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini.

Santo Stefano haina ukuta wa ngome. Nyumba zenyewe ndizo ukuta. Zile za ukingoni zimejengwa bega kwa bega kuzunguka kilima, migongo yao ikitazama nje, minene, yenye matundu machache tena ya juu. Adui aliyefika alikuta mawe matupu pande zote na malango machache ya kuingilia. Ndani, njia zinazunguka kufuata mteremko, na zile zinazopanda zimekuwa ngazi. Sehemu nyingi za njia hizo zimefunikwa juu kwa matao, na juu ya matao kuna vyumba vya watu. Faida zake ni kadhaa. Eneo la kujenga lilikuwa dogo, kwa hiyo nafasi iliyo juu ya njia haikuachwa ipotee. Upepo wa mlimani ulivunjwa nguvu. Theluji ikianguka kwa kimo cha mtu, jirani aliweza kumfikia jirani bila koleo. Na tao lililobanana kati ya nyumba mbili liliziegemeza zote, jambo lisilo dogo katika nchi ya matetemeko. Lile la mwaka 1703 lilibomoa sehemu kubwa ya L'Aquila na kuharibu vibaya makazi ya Rocca Calascio, ngome iliyo kilima cha pili.

Juu kabisa ulijengwa mnara wa mviringo, ambao watu huuita mnara wa Medici ingawa ni mkongwe kuliko utawala wao. Kazi yake ilikuwa kuangalia. Kutoka hapo mlinzi aliona Rocca Calascio, na alama za moto au moshi ziliweza kupita kutoka kilele hadi kilele hadi bondeni.

Ndani ya nyumba za kawaida mpangilio ulikuwa wa akili ya umaskini. Chini walilala wanyama, juu walilala watu, na joto la punda na mbuzi lilipanda kupitia mbao za sakafu. Jiko lilikuwa moja, nalo lilipasha chumba chote, likapika, likakausha nguo, likapaka dari masizi meusi yanayong'aa. Masizi hayo yana sehemu yake katika habari za baadaye.

Kuanguka kulianza mbali na kijiji. Mwaka 1806, chini ya utawala wa Wafaransa mjini Napoli, mfumo wa ushuru wa kondoo ulifutwa. Ardhi ya Puglia ikaanza kugeuzwa mashamba ya ngano, na baada ya Italia kuungana mwaka 1861, sheria ya mwaka 1865 ikamaliza kabisa haki za zamani za malisho. Mchungaji aliyeshuka Oktoba alikuta jembe limetangulia. Wakati huohuo viwanda vya Ulaya vilikuwa vinapokea pamba kwa wingi, na sufu ya bei nafuu kutoka Australia. Biashara iliyokilisha kijiji kwa karne nne ikakauka, si kwa siku moja, bali kizazi baada ya kizazi.

Watu wakahama. Mwanzoni mwa karne ya 20 Santo Stefano ilikuwa bado na wakazi zaidi ya elfu moja. Wengi walivuka bahari kwenda Amerika ya Kaskazini na ya Kusini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wengine wa Abruzzo walikwenda katika migodi ya makaa ya mawe ya Ubelgiji, kwa makubaliano ya serikali mbili ya mwaka 1946 ambayo, yakisemwa bila kupambwa, yaliipa Italia makaa nayo ikatoa vijana. Tarehe 8 Agosti 1956 moto uliua watu 262 katika mgodi wa Marcinelle, huko huko Ubelgiji. 136 kati yao walikuwa Waitalia, na mkoa wa Abruzzo ndio uliozika wengi zaidi. Hata hivyo waliohama hawakurudi kuishi. Nyumba zilifungwa, mapaa yakabonyea, miti ya mwituni ikaota sebuleni.

Uzuri wa kijiji uliokolewa hapo, na waliouokoa hawakuwa na nia hiyo. Miaka ya 1950 na 1960 Italia ilipata utajiri wa haraka. Pwani ya Abruzzo na miji ya mabondeni ilibomoa vya kale na kupandisha majengo ya zege, na wachache waliona ubaya. Santo Stefano haikuwa na wa kubomoa. Hakuna aliyekuwa na fedha za madirisha ya alumini wala sababu ya kupanua njia ili gari lipite. Kijiji kilibaki na sura yake ya karne ya 16 kwa sababu wenyewe walikuwa Toronto, Philadelphia au migodini Ubelgiji.

Waliobaki waliendelea na kilimo kimoja ambacho hakijawahi kukatika, cha adesi, ambazo Kenya bara huitwa kamande. Adesi za Santo Stefano hulimwa katika mashamba ya mawemawe yaliyo juu ya mita elfu moja, na hati za watawa huzitaja mapema mwaka 998. Punje yake ni ndogo mno, milimita chache tu, ya kahawia iliyokolea. Hupandwa masika baada ya theluji na kuvunwa Julai na Agosti. Kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba, haihitaji kulowekwa. Huchemshwa na kitunguu saumu, jani la bay na chumvi, kisha hutiwa mafuta ya zeituni. Mimea haikomai kwa pamoja na ardhi si tambarare, kwa hiyo mashine hazisaidii sana na mavuno ni kiduchu. Adesi nyingi zinazouzwa nchini Italia hutoka nje, hasa Kanada. Hizi huuzwa ghali, na zimewekwa miongoni mwa vyakula vinavyolindwa na harakati za Slow Food. Mwanzoni mwa Septemba kijiji huzifanyia sherehe. Pembeni huchomwa mishikaki midogo ya nyama ya kondoo, ambayo kwa Abruzzo ni chakula cha utambulisho.

Mwaka 1999 alifika kwa pikipiki Daniele Kihlgren, kijana wa Milano mwenye asili ya Uswidi, ambaye ukoo wake, kwa kejeli ya mambo, ulitajirika kwa saruji. Alianza kununua nyumba zilizoachwa, akishirikiana na mbunifu Lelio Oriano Di Zio, na katikati ya muongo wa 2000 akafungua hoteli iitwayo Sextantio. Hoteli hiyo haina jengo lake. Chumba kimoja kiko kichochoro hiki, kingine kile, mapokezi kwingine, na mgeni hutembea barabarani kama mkazi. Wazo la hoteli iliyotawanyika halikuzaliwa hapo. Lilitokana na juhudi za kufufua vijiji vya Friuli baada ya tetemeko la mwaka 1976, na aliyelikuza ni Giancarlo Dall'Ara. Kilichokuwa kipya Santo Stefano ni ukali wa kutogusa. Dari zenye masizi ziliachwa na masizi yake. Magodoro yalijazwa sufu, matandiko yakafumwa kwa mkono, na wazee pamoja na watafiti wa mila za Abruzzo wakaulizwa chumba kilikuwaje hasa. Mabomba na nyaya vilifichwa. Na kijiji kilikubali kwamba majengo mapya hayatapandishwa kuzunguka kilima.

Shirika la hisani lililotokana na hoteli hiyo limefika pia Rwanda. Limewalipia watu maskini bima ya afya, na katika kisiwa cha Nkombo, Ziwa Kivu, limejenga vibanda vya wageni kwa namna ya ujenzi wa jadi, mapato yakielekezwa kwenye bima hiyo.

Hoteli yenyewe haikukosa lawama. Chumba ambamo familia ya mchungaji ilikohoa kwa moshi sasa hulaliwa kwa bei ambayo mchungaji huyo asingeipata kwa mwezi, na mgeni huyaona masizi kuwa pambo. Lawama hiyo ina ukweli. Lakini kabla ya hoteli, nyumba hizo hizo zilikuwa zinaanguka, na nyumba za wageni, maduka na mikahawa iliyofunguliwa baadaye na watu wengine ilirudisha ajira mahali ambapo ajira ilikuwa imebaki ya kusimuliwa tu.

Kisha ardhi ikatikisika. Tarehe 6 Aprili 2009, saa tisa na dakika thelathini na mbili za usiku, tetemeko la ukubwa wa 6.3 liliipiga L'Aquila na vijiji vyake. Watu 309 walikufa. Santo Stefano nyumba nyingi zilipata nyufa, na mnara ukaanguka wote. Ulikuwa umestahimili matetemeko ya karne nyingi. Wengi waliochunguza walinyooshea kidole ukarabati wa karne ya 20, ambao uliweka zege zito juu ya kuta za mawe zilizozoea sakafu ya mbao. Kwa miaka mingi mahali pake palisimama kiunzi cha mabomba ya chuma kilichochora umbo la mnara hewani. Hatimaye, zaidi ya miaka kumi baadaye, mnara ulijengwa upya kwa mawe, mengi yakiwa yale yale yaliyookotwa katika kifusi.

Mawe yakarudi, watu ndio tatizo lililobaki. Mwaka 2020 halmashauri ya kijiji ilihesabu wakazi 115 walioandikishwa, wengi wakiwa wazee, na ikatangaza kwamba itawalipa vijana wa kuhamia. Mwenye umri usiozidi miaka 40 aliahidiwa hadi euro 8,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu, mtaji wa hadi euro 20,000 wa kuanzisha biashara, na nyumba kwa kodi ndogo. Kazi zilizotajwa zilikuwa za kuongoza watalii, usafi, duka la dawa, na kutengeneza vyakula vya hapo. Habari ilienea dunia nzima na maombi yakamiminika, ingawa nafasi zilikuwa chache na watu walitakiwa wawe raia wa Italia au wenye haki ya kuishi nchini humo. Sharti la mwisho lilikuwa kwamba atakayekubaliwa akae kijijini si chini ya miaka mitano, majira ya baridi yakiwemo.